Sikiliza Kabla ya Kufungua

Watu wengi hudhani kwamba ufundi wa magari uko mikononi. Wakimwona mtu amejipaka oili mpaka viwikoni, spana moja mkononi na nyingine mfukoni, husema huyo ndiye fundi hasa. Mimi, kwa yale niliyoyaona milimani kwetu Usambara, naamini kwamba nusu ya kwanza ya ufundi haichafui mikono hata kidogo. Ni kazi ya kuuliza, kusikiliza, kunusa na kusubiri. Nusu ya pili, ile ya kufungua na kufunga, hufuata baadaye. Na pengine, kama ile ya kwanza imefanywa sawasawa, hiyo ya pili huwa ni kazi ya saa mbili tatu tu.

Nalisema hili hasa juu ya klachi na giaboksi. Sijui sehemu nyingine za gari ambazo maradhi yake hufanana sana kwa nje na kutofautiana sana kwa gharama. Dereva husema neno moja tu: "Gia haziingii." Neno hilo laweza kuwa na maana ya mpira mdogo uliochakaa na kuvujisha maji ya breki, au laweza kuwa na maana ya giaboksi nzima iliyosagika. Kati ya maana hizo mbili ipo tofauti kama ya nauli ya basi na bei ya ng'ombe. Na ajuaye ni maana ipi kati ya hizo ni fundi peke yake. Mwenye gari husimama pembeni, kashika pochi yake, akingoja kuambiwa.

Gari ninalotaka kulieleza lilikuwa Land Rover ya chesisi ndefu, ile ya inchi 109, iliyofungwa bodi ya pikapu. Ilikuwa ya aina ya Series IIA, ambayo ilitengenezwa Uingereza tangu mwaka 1961 hadi 1971, ilipoingia Series III. Marehemu shemeji yangu aliinunua ikiwa tayari imekwisha kuzeeka, akaitumia kubebea mboga na matunda kutoka vijiji vilivyo juu ya Lushoto hadi Mombo, ambako malori ya Dar es Salaam hupita. Alipofariki, dada yangu alibaki na watoto wanne, shamba la karoti na kabichi, na gari hilo. Shamba liliwalisha. Ada za shule zililipwa na gari.

Mwaka 1996 gari lilianza kugoma kuingia gia. Gia ya kwanza na ya kurudi nyuma zilikuwa zinalia kama mtu anayesaga mawe. Dereva alibuni njia yake: anazima injini, anaingiza gia ya kwanza, kisha anawasha gari likiwa ndani ya gia, nalo linaondoka kwa kuruka. Dada alilipeleka katika gereji moja mjini. Walilizunguka, wakalitikisa mkono wa gia, wakamwambia kwamba giaboksi imekufa, sinkronaiza zote zimekwisha, na kwamba dawa yake ni giaboksi nyingine. Bei waliyomtajia ilikaribia bei ya gari lenyewe. Siku ya pili yake akaja mtu kutaka kulinunua kama chuma chakavu. Sikupata kujua alipataje habari.

Dada akaniita. Akasema, "Kaka, mimi sijui gia wala klachi. Ninajua kwamba nikiliuza hili, yule mkubwa anarudi nyumbani kutoka sekondari mwezi ujao. Nitafutie mtu wa kuniambia kweli, hata kama ni kweli mbaya."

Mtu niliyemjua alikuwa mzee mmoja aliyejifunza kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge, huko chini, wakati mkonge ulipokuwa bado ni mali. Alipostaafu alipanda mlimani akaweka gereji yake chini ya mparachichi: mabati sita, meza ya vaisi, na chenibloku iliyoning'inia kwenye boriti. Hakuwa na kibao cha jina. Tulimkuta anakunywa chai.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Marahaba, binti yangu. Karibuni. Nani huliendesha?"

Lilikuwa swali lake la kwanza, na halikuwa la adabu tu. Alimwita dereva, akamketisha, akamwuliza mambo kama daktari: Limeanza ghafla au kidogo kidogo? Asubuhi likiwa la baridi ni afadhali, au ni sawasawa siku nzima? Pedeli ya klachi imeshuka chini kuliko zamani? Ukipanda mlima na mzigo, injini hupiga kelele huku gari halisogei? Dereva akajibu kwamba mlima linapanda vizuri, nguvu ipo; shida ni kuingiza gia tu. Mzee akatikisa kichwa, akamaliza chai yake.

Hapa sina budi kueleza kidogo klachi inavyofanya kazi, maana bila ya hilo maswali ya mzee yataonekana kuwa ya kupoteza muda. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili, nalo huzunguka muda wote injini inapowaka. Mbele ya giaboksi kuna shafti iliyobeba sahani iliyofunikwa kwa kitu cha kukwaruza, ndiyo klachi pleti. Presha pleti, kwa nguvu za springi zake, huibana sahani hiyo kwenye flaiwili, na nguvu za injini zikapita kwenda kwenye gia. Dereva anapokanyaga pedeli, rilizi beringi husukuma springi, sahani ikaachiliwa, na giaboksi ikatengana na injini. Hapo ndipo gia hubadilishwa.

Kwa hiyo klachi ina magonjwa makubwa mawili, nayo ni kinyume. La kwanza ni kuteleza: sahani haibanwi vya kutosha, injini inapaa kwa sauti lakini gari haliendi. La pili ni kutokuachia: sahani inabanwa hata dereva akikanyaga, injini inaendelea kuzungusha giaboksi, na meno ya gia yanagongana badala ya kuingiliana. Ukishajua ni lipi kati ya haya mawili, umekwisha kuacha nusu ya makosa nyuma yako. Dereva aliposema mlima linapanda, kuteleza kukaondoka. Ikabaki kutokuachia, au giaboksi yenyewe.

Hata hivyo mzee hakutosheka na maneno. Aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akavuta breki ya mkono, ambayo katika Land Rover hizo haishiki magurudumu bali hushika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi. Akaingiza gia ya nne injini ikiwa imezimwa, akakanyaga klachi, akawasha, akaongeza mafuta kidogo, kisha akaachia pedeli taratibu. Injini ikazima hapo hapo. "Hii inashika," akasema. Klachi iliyokwisha ingeiacha injini iendelee kuunguruma huku sahani ikiteleza na kutoa harufu ya kuungua.

Kisha akazima injini na kuzipitia gia zote, moja baada ya moja. Ziliingia laini, hata ile ya kurudi nyuma. Akatugeukia. "Wamesema sinkronaiza za gia ya kwanza zimekwisha?"

"Ndivyo walivyosema, baba," dada akajibu.

"Zimekwishaje, na gari hili halikuzaliwa nazo?"

Ilikuwa kweli. Katika Series IIA, sinkronaiza, yaani zile pete zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijaingiliana, zipo kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Series III ndiyo iliyopewa sinkronaiza kwa gia zote nne za kwenda mbele. Ndiyo maana madereva wa zamani walifundishwa kukanyaga klachi mara mbili wakirudi gia ya pili: unakanyaga, unatoa gia, unaachia pedeli, unaongeza mafuta kidogo ili gia za ndani zipate mwendo, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Yule aliyetoa hukumu ya giaboksi alikuwa ameihukumu kwa kosa la kiungo isichokuwa nacho.

Mzee akaendelea. Injini ikiwa inawaka, alikanyaga pedeli, akangoja akihesabu kimoyomoyo, kisha akajaribu gia ya nyuma. Ikalia. Kama klachi ingekuwa inaachia, gia za ndani zingekuwa zimekwisha kusimama katika muda ule, na gia ingeingia kimya. Akapampu pedeli mara nne tano na kujaribu tena. Ikalia vile vile. Hilo nalo lilikuwa jibu: kama kungekuwa na upepo kwenye mfumo wa maji, kupampu kungesaidia walau kidogo. Akaangalia kopo la maji ya klachi, limejaa. Akafunua mpira wa silinda ndogo ya chini, pakavu.

Ndipo alipotoa mabati ya sakafu, akamwambia dereva akanyage polepole, naye akainama na tochi. Nami nikainama. Katika gari hilo, silinda ndogo husukuma mkono uliofungwa kwenye shafti fupi ya nje. Shafti hiyo imeunganishwa kwa bomba fupi na shafti nyingine inayoingia ndani ya nyumba ya klachi, na kila upande wa bomba umefungwa kwa pini. Dereva alipokanyaga, silinda ilisukuma kama inavyotakiwa. Mkono ukaenda. Shafti ya nje ikazunguka. Lakini ile ya ndani ilichelewa, ikazunguka kidogo tu, kisha ikakoma. Nguvu za mguu wa dereva zilikuwa zinapotea hapo, ndani ya kitu chenye urefu wa kidole.

Mzee aliitoa ile pini. Haikuwa pini ya kiwandani. Mtu fulani, miaka fulani, alikuwa ameweka boliti laini lililokatwa kwa msumeno, nalo lilikuwa limelika katikati kama muwa uliotafunwa. Matundu ya bomba yalikuwa yamepanuka na kuwa kama yai. Akayajaza kwa kuchomelea, akayatoboa upya, akatia pini mbili za chuma kigumu. Kabla ya saa tisa gari lilikuwa linaingia gia zote. Bei ya pini zile ilikuwa pungufu ya nauli ya kwenda Tanga na kurudi.

Alipoulizwa ujira, alitaja kiasi kidogo mno, cha kuchomelea na cha pini. Dada akataka kuongeza, akakataa. Nikamwambia, "Mzee, lakini tangu asubuhi ulikuwa unafanya kazi." Akacheka. "Tangu asubuhi nilikuwa nasikiliza, Mwalimu. Watu hawalipii kusikiliza. Ningelifungua giaboksi nikaimwaga hapa chini, mngelipa bila kuuliza."

Maneno hayo sikuweza kuyasahau. Yule aliyesema uongo, au aliyesema asichokijua, alikuwa na njia ya kupata fedha nyingi. Aliyesema kweli alipata bei ya pini. Sisi wenye magari hulalamika kwamba mafundi si waaminifu, na malalamiko hayo mara nyingi yana haki. Lakini hatujiulizi tumeweka zawadi yetu upande gani. Tunalipa vyuma na jasho linaloonekana. Hukumu iliyo sahihi, ambayo ndiyo iliyotuokolea fedha, tunaipokea bure kisha tunasema fundi hakufanya kitu.

Ningeweza kuishia hapo, na msomaji angebaki na hadithi nzuri ya fundi mwema aliyemwokoa mjane. Lakini uaminifu unaopunguza gharama ni rahisi kuupenda. Ule mwingine ndio unaopima watu.

Mvua za El Nino za mwaka 1997 hadi mwanzoni mwa 1998 ziliharibu barabara nyingi za milimani. Njia za udongo zilikatika, na gari lilifanya kazi ngumu kuliko kawaida, likipanda na kushuka kwa gia ya pili karibu safari nzima. Yule dereva wa zamani alikuwa ameondoka, na mahali pake alikuwepo kijana mchapakazi ambaye hakupata kufundishwa kukanyaga klachi mara mbili. Kila akirudi gia ya pili meno yalilia. Katikati ya mwaka 1998, gia hiyo ya pili ikaanza kuchomoka yenyewe.

Ilichomoka wakati wa kushuka tu. Dereva akikanyaga mafuta gari lilitulia. Akiachia mafuta ili injini ilishike gari, mkono wa gia uliruka na kurudi katikati, na gari likabaki huru. Kijana akapata dawa: utingo alikaa katikati na kuushika mkono wa gia kwa mikono miwili. Baadaye wakaona utingo anachoka, wakakata mpira wa tyubu, wakaufunga mkono wa gia kwenye fremu ya kiti. Wakashuka hivyo hadi Mombo kwa majuma mawili.

Anayeijua barabara ile haitaji kuelezwa zaidi. Kutoka Lushoto, ambako ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, inashuka kwa kona baada ya kona kupitia Soni mpaka kwenye uwanda, mwendo wa kama kilometa 33, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde. Land Rover zile zina breki za ngoma magurudumu yote manne. Ukizitegemea breki peke yake kwa mteremko mrefu na mzigo, zinapata moto, na ngoma ikipata moto sana breki hulegea hata ukikanyaga kwa miguu miwili. Kinacholishika gari mlimani ni injini, kupitia gia. Gia ikichomoka, kilichobaki kati ya gari na bonde ni breki zilizokwisha kuchoka. Katika gari la dada, kilichobaki kilikuwa kipande cha tyubu.

Walilipeleka kwa mzee siku ya Alhamisi kwa ajili ya jambo jingine kabisa, kubadilisha raba za springi. Akauona ule mpira. Akauliza. Kijana akaeleza kwa majivuno kidogo, kama mtu aliyegundua kitu. Mzee akauchukua ufunguo wa gari, akautia mfukoni.

Dada alipanda juu kwa hasira. Jumamosi ilikuwa siku ya soko, karoti zilikwisha kung'olewa na kuoshwa, na karoti iliyooshwa haingoji. "Baba, nipe safari hii moja tu. Jumatatu nakuletea, ulifungue utakavyo." Mzee akamjibu kwa upole, "Binti yangu, gari hili halishuki mlima." Dada akanigeukia mimi, kwamba nimwambie mzee. Nilimwambia dada kwamba mimi nitatafuta namna ya kuzishusha karoti, lakini ufunguo siuombi. Hakusema nami siku mbili. Karoti zilishushwa kwa gari la kukodi, na kilichopatikana kiliishia kwenye kukodi.

Mzee alianza tena kwa mambo ya nje, ingawa sasa alijua anaelekea wapi. Aliangalia raba zinazobeba injini na giaboksi, maana zikikatika giaboksi huyumba na kuweza kuivuta gia itoke. Zilikuwa nzima. Akabadilisha springi ndogo zinazosukuma gololi kwenye fito za kuchagulia gia, ambazo kazi yake ni kuishikilia gia mahali pake. Hizo hufikiwa kwa kutoa vifuniko vya nje, bila kushusha giaboksi. Wakaenda kulijaribu kwenye kijilima kilicho karibu, bila mzigo. Gia ikachomoka. Hapo akasema, "Sasa tunafungua," na katika sauti yake hapakuwa na furaha.

Kutoa giaboksi ya Land Rover ile ni kazi. Viti vinatoka, sanduku lililo chini ya viti linatoka, sakafu inatoka, propela shafti mbili zinafunguliwa, na mzigo wote, giaboksi na lile sanduku la nyuma lenye mikono ya rangi nyekundu na ya manjano, unanyanyuliwa kwa chenibloku na kupitishwa mlangoni. Walipoipasua juu ya meza, jibu lilikuwa wazi hata kwangu. Bushi inayobeba gia ya pili kwenye shafti kuu ilikuwa imekatika ukingo wake. Bila ukingo huo gia ilikuwa huru kutembea mbele na nyuma. Na yale meno ya kushikia, ambayo yanatakiwa kuwa na kona kali, yalikuwa yameviringika kama meno ya mzee, kwa sababu ya miezi ya kuingizwa kwa nguvu. Kila injini ilipovutwa na mteremko, mviringo ule uliisukuma gia nje. Springi gani ingeweza kuizuia? Tyubu gani?

Gari lilikaa chini ya mparachichi kwa majuma matano. Gia ilitoka kwenye giaboksi chakavu iliyopatikana Tanga, bushi na beringi zilitoka Dar es Salaam. Dada aliuza ng'ombe wake mmoja. Yule mkubwa, ambaye mwaka 1996 aliokolewa na pini mbili, safari hii alichelewa kurudi shule nusu ya muhula. Siwezi kusema kwamba kweli ya mzee ilikuwa nafuu. Ilikuwa ghali, na aliyeilipa alikuwa mwanamke ambaye hakuwa na cha ziada.

Lakini nilipomtazama mzee akilirudisha gari lile, nilielewa kwamba mwaka 1996 na mwaka 1998 alikuwa amefanya kitu kile kile. Mara ya kwanza watu walimwonyesha jambo dogo wakaliita kubwa, naye akasema ni dogo. Mara ya pili walimwonyesha jambo kubwa wakaliita dogo, naye akasema ni kubwa. Mara zote mbili alikwenda kwa utaratibu ule ule, kutoka nje kwenda ndani, kutoka kwa kisicho ghali kwenda kwa kilicho ghali, na hakulipita swali moja kabla halijajibiwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wangeweza kuongeza kwamba hata anayebuni maradhi humuua mgonjwa, ijapokuwa kwa njia ya mfukoni.

Dada naye alielewa kwa wakati wake. Siku ya kulichukua gari alilipa alichoambiwa, kisha akaweka juu ya meza ya vaisi bahasha nyingine. Mzee akauliza ni ya nini. "Ni ya mwaka juzi," dada akasema. "Ya kusikiliza." Safari hii hakukataa. Na kijana alikaa pale siku nzima, akifundishwa kukanyaga klachi mara mbili mpaka gia ya pili ikaingia bila sauti.

Mzee yule alikwisha fariki, na magari ya aina ile yanazidi kuadimika. Mzao wao wa mwisho wa sura ile ya zamani, Defender, aliacha kutengenezwa huko Solihull tarehe 29 Januari 2016. Magari ya leo mengi yana giaboksi za kujiendesha, na fundi huanza kazi kwa kuchomeka kompyuta inayompa namba ya hitilafu. Ni msaada mkubwa, wala sitaki kuudharau. Lakini nimeona mafundi wakiisoma namba ile na kuagiza spea hapo hapo, kisha spea ikafungwa na gari likabaki na ugonjwa wake. Namba ya kompyuta ni kama lile neno la dereva, "Gia haziingii." Inaeleza mahali ambapo pameuma. Kwa nini pameuma, bado kunahitajika mtu wa kuinama na tochi.

Kwa hiyo, msomaji mwenye gari kuukuu, nina ushauri mdogo. Ukienda kwa fundi, usimpelekee hukumu, mpelekee dalili: limeanza lini, linafanya wakati gani, linaacha wakati gani. Kama kelele huja unapokanyaga klachi na kuondoka unapoachia, mwambie hivyo, maana hiyo huelekeza kwenye rilizi beringi; kama huja unapoachia na kuondoka unapokanyaga, mwambie hivyo pia, maana hiyo huelekeza kwenye beringi za giaboksi. Kama oili inadondoka kwenye tundu la chini ya nyumba ya klachi, iguse na uinuse: nyeusi na nyepesi hutoka kwenye injini, nzito yenye harufu ya kiberiti hutoka kwenye giaboksi. Omba kuonyeshwa kilichoharibika kabla hakijatupwa. Usiweke mguu wako juu ya pedeli ya klachi kana kwamba ni kigoda.

Na fundi akitumia asubuhi nzima akiuliza na kusikiliza, kisha akakwambia kwamba tatizo lako ni pini, mlipe asubuhi ile.